Namna ya Kusoma Utafiti Unaohusisha Homoni za Seli za Mafuta na Mishipa ya Damu katika Saratani ya Mfupa

Mtu anayekabidhiwa ripoti ya utafiti yenye maneno adiponektini, VEGF na kondrosakoma, kisha akaombwa awaeleze wenzake kwa Kiswahili inasema nini, hukutana na mtego kabla hajamaliza kusoma kichwa chake. Akilini mwake sentensi hujipanga yenyewe: mafuta hutoa homoni, homoni huotesha mishipa ya damu, mishipa hulisha saratani, basi unene ndio unaolisha saratani ya mfupa. Sentensi hiyo ni nyepesi kukumbuka, inafaa kusemwa redioni, na kwa utafiti tutakaoutumia hapa kuwa mfano, si kweli. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuupitia utafiti wa aina hii pingili baada ya pingili, ili msomaji ajue ni pingili ipi imethibitishwa, ipi imedokezwa tu, na ipi ameiongeza yeye mwenyewe bila kujua.

Mfano wetu ni utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na watafiti wa Taiwan, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Tiba cha China, ambacho licha ya jina lake kipo Taichung, nchini Taiwan. Walitaka kujua iwapo adiponektini, homoni inayotolewa na seli za mafuta mwilini, huzifanya seli za kondrosakoma, aina moja ya saratani ya mfupa, zitoe VEGF, yaani kichocheo cha kuotesha mishipa ya damu. Watafiti wa huko waliendelea kuuliza swali la namna hiyo kuhusu homoni nyingine mbili, leptini mwaka 2016 na resistini mwaka 2019, kwa hiyo atakayeuelewa utafiti mmoja barabara atakuwa ameshika ufunguo wa mingine.

Safisha maneno kabla ya kugusa sayansi

Kiswahili kina utajiri unaoweza kumponza mwandishi wa sayansi. Neno mafuta kwetu ni mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, mafuta ya kujipaka, mafuta ya gari, na pia shahamu iliyo mwilini. Msomaji akikuta maneno "homoni za mafuta" bila ufafanuzi, wazo la kwanza kumjia ni dumu la mafuta ya alizeti lililoko jikoni. Niliwahi kuandaa maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu jambo hili kwa ajili ya kikundi cha wanafunzi, na swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa ni mafuta gani basi yanafaa kukaangia. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile huandika "homoni zinazotolewa na seli za mafuta mwilini" walau mara ya kwanza, ndipo hufupisha.

Neno mshipa nalo lina mizigo yake. Watu huita mshipa kile kinachopitisha damu, huita hivyo hivyo mshipa wa fahamu, na katika mazungumzo ya mtaani hata ngiri ni "mshipa". Andika mishipa ya damu kwa ukamilifu, na pale utafiti unapogusia limfu, majimaji ya mwilini yenye mishipa yake yenyewe, andika mishipa ya limfu, maana tofauti kati ya aina hizo mbili, kama tutakavyoona, hubadili maana ya matokeo yenyewe. Uvimbe vilevile ni neno pana mno: jipu ni uvimbe, na goti lililoteguka lina uvimbe. Usiliache neno hilo litembee peke yake.

Kisha kuna maneno saratani ya mfupa. Wagonjwa wengi wanaoambiwa kwamba wana saratani kwenye mifupa wana saratani iliyoanzia kwingine, kama vile kwenye titi au tezi dume, ikasambaa hadi mifupani. Utafiti tunaouzungumzia hauwahusu hao. Unahusu saratani iliyozaliwa kwenye mfupa au gegedu lenyewe, na hata hapo kuna aina kadhaa. Osteosakoma huwapata zaidi vijana walio katika umri wa kurefuka na hupenda kuanzia karibu na goti. Sakoma ya Ewing huonekana kwa watoto na vijana pia. Kondrosakoma, ambayo seli zake hutengeneza gegedu, huonekana zaidi kwa watu wazima, hasa kwenye nyonga, paja, bega na mbavu. Matokeo yaliyopatikana kwenye kondrosakoma hayahamishiwi kwenye osteosakoma kwa sababu tu zote mbili zimeitwa saratani ya mfupa.

Jiulize gegedu limepata wapi damu

Ukinunua mifupa ya supu buchani, itazame ncha ya mfupa mahali palipokuwa na kiungo. Utaona tabaka jeupe lenye ubuluu kwa mbali, linaloteleza kidoleni, gumu kiasi lakini linalokatika kwa kisu, na ukilikata halitoi hata tone la damu. Hilo ni gegedu. Gegedu la mtu mzima halina mishipa ya damu. Virutubisho hulifikia kwa kupenya polepole, hasa kutoka kwenye ute wa kiungo, na ndiyo sababu likijeruhiwa hupona kwa shida.

Hapa ndipo swali la mishipa linapopata uzito wa pekee. Mwaka 1971 daktari mpasuaji wa Boston, Judah Folkman, alitoa hoja kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua kupita milimita 1 au 2 hivi bila kujivutia mishipa mipya ya damu, kwa kuwa oksijeni haipenyi mbali kutoka kwenye mshipa ulio karibu. Hoja hiyo ilipuuzwa na wengi kwa miaka kadhaa, lakini leo ni sehemu ya masomo ya kawaida. Sasa fikiria saratani inayotengeneza gegedu, yaani inayojijenga ndani ya dutu ambayo kwa asili haikaribishi mishipa. Madaktari huipanga kondrosakoma katika madaraja matatu: ile ya daraja la kwanza hukua polepole na mishipa yake huwa michache, na ile ya daraja la tatu ni kali, ina mishipa mingi zaidi na hupenda kusambaa hadi kwenye mapafu. Kitu fulani kimebadilika njiani. Watafiti wanataka kujua ni nani aliyefungua mlango.

Uhaba huo wa mishipa, pamoja na uzito wa dutu inayozizunguka seli, ni miongoni mwa sababu zinazotajwa kueleza kwa nini dawa za kemikali husaidia kidogo sana katika kondrosakoma ya kawaida. Mionzi nayo haiipati kwa urahisi. Upasuaji ndio nguzo ya matibabu, na panapokosekana uwezekano wa kuikata yote, njia nyingine ni chache. Mwandishi asiyeeleza hili humwacha msomaji wake akishangaa kwa nini watu wa Taichung wanahangaika na homoni.

Mjue kila mhusika kwa asili yake

Kwa muda mrefu seli ya mafuta ilidhaniwa kuwa ghala tu la nishati. Mtazamo huo ulivunjika mwaka 1994, maabara ya Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, ilipoitambua leptini, homoni ambayo jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Leptini huongezeka kadiri mafuta ya mwili yanavyoongezeka, na mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba inaweza kuchochea ukuaji wa mishipa ya damu. Kufikia hapo, ile sentensi nyepesi ya mwanzo inaonekana kuwa na haki yake.

Adiponektini, ambayo ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1995, huenda kinyume. Mtu anaponenepa, kiasi chake katika damu hupungua, anapokonda, huongezeka. Isitoshe, ni nyingi ajabu kwa homoni: hupimwa kwa maikrogramu katika kila mililita ya damu, kwa kawaida kati ya 3 na 30, ilhali leptini hupimwa kwa nanogramu, kipimo kidogo mara elfu moja. Anayesoma jedwali la dozi zilizotumika maabara akasahau tofauti hii ya vipimo anaweza kudhani watafiti wametumia kiasi kikubwa kupita kiasi cha homoni moja, kumbe wamefuata tu kiwango chake cha kawaida katika damu. Chukua dozi iliyoandikwa kwenye ripoti, iweke kando ya kiwango cha kawaida cha homoni hiyo mwilini, na uone kama vinafanana. Ni kazi ya dakika tano, na inafichua mengi.

Resistini, iliyotangazwa na watafiti wa Marekani mwaka 2001, ina kisa kingine. Kwa panya hutolewa na seli za mafuta. Kwa binadamu hutolewa zaidi na seli za kinga zinazoitwa makrofaji. Kuiita homoni ya mafuta kwa binadamu ni kumwita mtu kwa jina la kijiji alichohama zamani.

Chora mnyororo, kisha uukate

Chukua karatasi na kalamu. Andika wahusika wa utafiti wa mwaka 2015 kwa mstari, mmoja baada ya mwingine: adiponektini, kipokezi chake juu ya seli kiitwacho AdipoR, kisha protini za kupokezana ishara ndani ya seli, yaani PI3K, Akt na mTOR, kisha HIF-1α, kisha VEGF-A, kisha seli changa zinazoweza kujenga ukuta wa mshipa, na mwisho mshipa wenyewe. Kati ya kila jina na linalofuata weka mshale. Chini ya kila mshale andika maswali mawili: walipoongeza cha nyuma, cha mbele kiliongezeka? Na walipokiondoa au kukizuia cha nyuma, cha mbele kilipungua?

Swali la pili ndilo lenye thamani kubwa zaidi. Kuongeza homoni kwenye seli na kuona jambo fulani likitokea kunathibitisha kwamba homoni inaweza kulisababisha, lakini hakuthibitishi kwamba jambo hilo huitegemea. Kuizuia na kuona jambo likikoma kunasogea karibu zaidi na ukweli. Watafiti hao walitumia njia zote mbili. Waliongeza adiponektini, VEGF-A ikaongezeka. Walipoingilia kati kwenye kipokezi na kwenye protini zinazofuata, athari ile ilififia. Mshale ambao haukufanyiwa jaribio la kuzuia uuchore kwa nukta nukta, na katika maelezo yako uueleze kwa maneno kama "huenda" na "inaelekea".

Wahusika wawili katika mstari huo wanastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu msomaji akiwaelewa hao, waliobaki hawamsumbui. VEGF-A, ambayo mara nyingi huitwa VEGF tu, ni protini ambayo seli huitoa nje kuita mishipa ya damu. Ilitambuliwa kwanza mwaka 1983 kwa tabia yake ya kuifanya mishipa ivujishe majimaji, na mwaka 1989 ikaelezwa kwa kazi yake ya kuikuza. HIF-1α ni kengele ya uhaba wa oksijeni: seli huitengeneza wakati wote na kuiharibu ndani ya dakika chache iwapo oksijeni inatosha, lakini oksijeni ikipungua haiharibiwi, hujikusanya, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni kadhaa, ikiwemo ile ya VEGF. Ugunduzi wa namna seli zinavyohisi oksijeni uliwapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2019. Kiini cha utafiti wa Taiwan ni kwamba adiponektini, kupitia PI3K, Akt na mTOR, iliweza kuipiga kengele hiyo yenyewe. Kwa lugha ya nyumbani, mtu amepiga yowe la moto pasipo moto, na majirani wamekuja na ndoo.

Kuhusu mTOR, herufi zake zinatokana na dawa iitwayo rapamaisini, ambayo protini hii ndiyo shabaha yake; dawa hiyo nayo ilitokana na bakteria waliopatikana katika udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, katika Bahari ya Pasifiki. Jambo hili halihitajiki ili kuelewa saratani, ila wanafunzi huikumbuka mTOR wakikumbuka kisiwa.

Sehemu moja ya mbinu huwachanganya wengi, nayo ni ile inayosema kwamba seli za mshipa ziliwekwa katika majimaji yaliyotoka kwa seli za saratani. Utaratibu wake unafanana na supu. Ukichemsha nyama kisha ukaitoa sufuriani, ladha yake hubaki ndani ya maji. Vivyo hivyo seli za kondrosakoma hukuzwa ndani ya majimaji yenye virutubisho, huondolewa, na majimaji yanayobaki huwa yamebeba kila kitu ambacho seli hizo zilikitoa, ikiwemo VEGF-A. Majimaji hayo ndiyo zinayowekewa seli changa za mshipa, na mtafiti huangalia kama zitahama kuyafuata na kama zitajipanga kuwa mirija midogo. Zikijipanga kwa majimaji ya seli zenye adiponektini, na zisijipange kwa majimaji ya seli ambazo jeni la adiponektini limenyamazishwa, yaani limezuiwa lisifanye kazi, basi tofauti imetokana na homoni hiyo na si na jambo lingine katika chombo. Tafuta daima kundi hilo la kulinganishia. Lisipokuwepo, funga ripoti.

Chungulia ndani ya yai

Mirija inayojichora kwenye sahani ya maabara haipitishi damu. Ndiyo maana watafiti hawaishii hapo, na wewe usiishie hapo unapoeleza. Utafiti wetu ulitumia majaribio mawili ya ndani ya viumbe hai, na yote mawili yanaweza kuelezwa hata kwa mtu asiyewahi kuingia maabara.

La kwanza ni la yai la kuku. Yai lililorutubishwa hutunzwa kwenye joto la takriban nyuzi 37, kama lingekuwa chini ya mama yake, na baada ya siku kadhaa hutobolewa tundu dogo kwenye ganda, kama dirisha. Chini ya dirisha hilo kuna utando mwembamba unaong'aa, uliojaa mishipa myekundu yenye matawi, ambao kifaranga kinachokua huutumia kupata hewa. Mtafiti huweka tone la alichotaka kukijaribu juu ya utando, huziba dirisha, na kurudi baada ya muda. Iwapo kilichowekwa kinavutia mishipa, utaiona imeinama kukielekea kutoka pande zote, kama spoku za gurudumu la baiskeli zinavyoelekea katikati. Huhesabiwa. Anayefuga kuku na amewahi kuliweka yai mbele ya tochi usiku ili kuona kama lina kifaranga amekwisha kuiona mishipa hiyo, ingawa hakujua kwamba inatumika kupima saratani.

La pili ni la panya. Kuna jeli iitwayo Matrigel, ambayo ikiwa baridi ni majimaji na ikipata joto la mwili huganda. Huchanganywa na majimaji ya seli za saratani, hudungwa chini ya ngozi ya panya, nayo huganda papo hapo na kuwa donge. Siku kadhaa baadaye donge hutolewa na kutazamwa. Likibaki jeupe, hakuna mshipa ulioingia; likiwa jekundu, mishipa imeingia, na wingi wake unaweza kukadiriwa kwa kupima himoglobini iliyomo. Katika utafiti huo, kunyamazishwa kwa adiponektini kuliondoa athari hiyo ya kuita mishipa, kwenye yai na kwenye panya.

Hata hivyo panya waliotumika ni wale wasio na manyoya, ambao kwa maumbile hawana tezi ya thaimasi na hivyo wanakosa sehemu muhimu ya kinga ya mwili. Hutumiwa kwa sababu hawakatai seli za binadamu. Bei ya urahisi huo ni kwamba jaribio halituambii kinga ya mtu mwenye afya ingefanya nini mbele ya uvimbe ule ule. Sentensi moja inayolisema hili inatosha katika maelezo yako, lakini isikosekane.

Uliza homoni ilitoka wapi

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo yenye uzito kuliko zote. Rudi kwenye neno kunyamazisha. Watafiti walinyamazisha jeni la adiponektini katika seli gani? Katika seli za kondrosakoma zenyewe. Jeni haliwezi kunyamazishwa mahali ambapo halikuwa likisema kitu. Maana yake ni kwamba seli za saratani zilikuwa zikijitengenezea homoni hiyo. Tena walipima adiponektini ndani ya vipande vya uvimbe vya wagonjwa, na walichokiona ni kwamba wingi wake uliendana na hatua ya ugonjwa. Mafuta ya tumboni na ya mapajani hayakuwa sehemu ya kipimo hicho.

Kwa hiyo jina "homoni ya seli za mafuta" linaeleza mahali homoni hiyo hutengenezwa zaidi mwilini. Halielezi ni nani aliyeitoa ndani ya uvimbe huu. Ukiongeza juu ya hilo kwamba adiponektini katika damu hupungua kwa mtu mnene, ile sentensi ya mwanzo inaanguka yenyewe, tena kwa namna inayochekesha: anayeifuata mantiki hiyo hadi mwisho angelazimika kumshauri mgonjwa wa kondrosakoma anenepe ili adiponektini ishuke. Hakuna daktari anayeshauri hivyo, na hakuna kinachomruhusu kufanya hivyo katika utafiti huo.

Kuna jambo la kuongeza kwa ajili ya anayetaka kwenda mbali zaidi. Mfupa wenyewe una mafuta. Uboho wa njano uliomo ndani ya mifupa ya mtu mzima umejaa seli za mafuta, ambazo zinaweza kuchukua hadi asilimia 70 ya ujazo wa uboho, na mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba mafuta hayo huchangia adiponektini iliyo katika damu hasa pale mwili unapopunguziwa chakula. Yaani mtu anaweza kukonda huku mafuta ya ndani ya mifupa yake yakiongezeka. Ukaribu wa mafuta hayo na saratani inayoota palepale ni jambo linalostahili kuulizwa, na ni swali tofauti na lile la uzito wa mwili kwenye mizani. Usiyachanganye katika aya moja.

Kuhusu lile la wingi wa homoni kuendana na hatua ya ugonjwa, kumbuka kwamba kuendana si kusababisha. Vyura hulia mvua za masika zinapoanza, wala hakuna mkulima anayebeba vyura kwenda nao shambani ili mvua inyeshe. Kipimo cha vipande vya wagonjwa kinapata nguvu kwa sababu tu majaribio ya seli, yai na panya yamesimama nyuma yake.

Usizikimbie tafiti zinazopingana

Msomaji makini atakayetafuta zaidi atakutana na kitu cha kumtatiza. Mwaka 2004 utafiti mmoja ulionyesha kwamba adiponektini huzuia mishipa ya damu kukua kwa kuziua seli za ukuta wake, na ukapunguza uvimbe kwa panya. Mwaka huo huo utafiti mwingine ulionyesha kwamba adiponektini huchochea mishipa kukua. Mwandishi mwoga huchagua mmoja na kuuficha mwingine. Fanya kinyume: weka yote miwili mezani na uliza tofauti iko wapi. Adiponektini haizunguki mwilini kwa umbo moja. Protini zake huungana tatu tatu, sita sita, na katika mafungu makubwa zaidi, na maumbo hayo hayafanyi kazi sawasawa. Seli zinazopokea nazo hutofautiana. Katika utafiti wa kondrosakoma, homoni haikuhitaji kuiita mishipa moja kwa moja, kwa kuwa iliziamuru seli za saratani zitoe VEGF-A, na VEGF-A ndiyo iliyoita. Mjumbe mmoja anaweza kupokewa vibaya kwenye nyumba moja na vizuri kwenye nyingine.

Ndiyo maana pia haifai kuziweka leptini, resistini na adiponektini katika kapu moja. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba leptini huzifanya seli za kondrosakoma zitoe VEGF-C, ambayo ni ndugu wa VEGF-A lakini kazi yake kuu ni kukuza mishipa ya limfu, na hufanya hivyo kwa kuipunguza RNA ndogo, yaani molekuli ya seli inayodhibiti jeni, iitwayo miR-27b, ambayo kwa kawaida huibana VEGF-C. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba resistini huibana RNA ndogo nyingine, miR-16-5p, na hivyo kuiachia VEGF-A. Njia ni tofauti, mishipa ni tofauti, na chanzo cha homoni kwa binadamu ni tofauti. Kilicho sawa ni mtindo wa majaribio, kwa hiyo karatasi yako ya mishale itafaa kote.

Mgonjwa akikuuliza

Mara maelezo yako yatakapotoka mikononi mwako, mtu atakuja na swali ambalo halimo katika ripoti: je, nipunguze mafuta kwenye chakula, je, kuna dawa? Jibu la kwanza ni kwamba utafiti huu haukupima chakula wala uzito wa mtu yeyote, na mgonjwa wa saratani asijinyime chakula kwa sababu yake. Anayejiandaa kwa upasuaji mkubwa anahitaji nguvu, na mabadiliko ya mlo ayapange na wanaomtibu.

Jibu la pili linahitaji uangalifu zaidi. Dawa zinazoizuia VEGF zipo tangu mwaka 2004, ambapo bevasizumabu iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Kwa saratani za mfupa, vidonge vinavyozuia vipokezi vya VEGF pamoja na vingine vimejaribiwa kwa wagonjwa: regorafenibu ilichelewesha kuendelea kwa osteosakoma iliyosambaa katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2019, na pazopanibu imejaribiwa kwa kondrosakoma. Kuchelewesha si kuponya, na dawa hizi huweza kupandisha shinikizo la damu na kuchelewesha vidonda kupona, jambo ambalo si dogo kwa mtu ambaye tegemeo lake ni upasuaji. Dawa ya kuzuia adiponektini kwa ajili ya kondrosakoma si sehemu ya matibabu ya kawaida. Yeyote anayeuza kidonge, chai au unga kwa jina la homoni hizi anauza jina tu.

Baada ya hapo mrudishe mgonjwa kwenye maswali yanayobadili matibabu yake: uvimbe ni wa aina gani, ni wa daraja la ngapi, picha ya mapafu imeonyesha nini, na je, baada ya kukatwa, kingo za kipande kilichotolewa zilikutwa hazina seli za saratani? Majibu ya aina, daraja na kingo huandikwa kwenye ripoti ya patholojia, na anaweza kuomba nakala yake.